Nguvu za Mpiga Makafi

Ndugu msomaji, tufikiri habari hii. Ni usiku, upande wa Ubwari. Mama mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, na mtoto hajatoka. Mkunga amesema, "Mpelekeni hospitali." Mashua ya moteri iko ufukoni, lakini haina mafuta. Basi watu wanane wanashusha mtumbwi majini, wanatandika mkeka, wanamlaza mama na kushika makafi. Mbele yao ni maji ya ghuba, na ng'ambo ni Baraka.

Watu hawa wana upendo, tena wana nguvu. Lakini kuna namna mbili za kwenda. Namna ya kwanza ni kupiga kwa nguvu zote tangu ufukoni, kwa sababu ya hofu. Namna ya pili ni kushika mwendo ambao wote wanane wanaweza kuuendeleza mpaka ng'ambo. Wengi hudhani kwamba namna ya kwanza itafika mbele. Sivyo. Katika somo hili tutaeleza kwa nini, na jinsi mtu anavyoweza kujenga nguvu zake na kuzitunza. Maneno haya yanawafaa wavuvi na wasafiri, na pia kila mtu wa kazi ndefu, hata mwenye jembe au mzigo wa kuni.

1. Mioto miwili ndani ya mwili

Mwili hufanya kazi kwa kuunguza chakula, kama vile jiko linavyounguza makaa. Chakula kinachounguzwa ni sukari iliyotoka katika muhogo, ndizi, mahindi na mchele, pamoja na mafuta yaliyowekwa mwilini. Kazi hiyo hufanyika ndani ya misuli, yaani zile nyama zinazovuta mifupa.

Moto wa kwanza ni kama moto wa makaa. Huwaka polepole, nao hudumu. Moto huu unahitaji hewa. Mapafu huvuta hewa, damu huchukua oksijeni iliyo ndani yake, na moyo husukuma damu mpaka kwenye misuli. Mtu akienda kwa mwendo ambao moyo na mapafu yake yanaweza kuulisha, ataweza kupiga makafi saa nyingi.

Moto wa pili ni kama moto wa majani makavu. Huwaka ghafula, na mwanga wake ni mkubwa, lakini hauchelewi kuzimika. Misuli huuwasha wakati hewa haitoshi. Moto huu hula sukari upesi sana, na mabaki yake hukusanyika katika misuli. Ndipo mikono inakuwa mizito, pumzi inakatika, na kafi linaanza kugusa maji bila kuyavuta.

Mioto yote miwili ni ya lazima. Mawimbi yakitaka kuutupa mtumbwi juu ya mawe, ni saa ya moto wa majani. Lakini anayeuwasha ufukoni atafika katikati ya maji akiwa na majivu tu.

Jambo hili limepimwa sana katika mchezo wa kupiga makasia. Katika mchezo huo mashua nyembamba hushindana mwendo wa mita 2000, nao humalizika kwa dakika 6 au 7 hivi. Mwaka 2021 Kathleen Noble alikuwa mtu wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Tokyo. Hata katika shindano fupi kama hilo, karibu robo tatu ya nguvu hutoka katika moto wa makaa. Je, si zaidi kwa mtu anayevuka ghuba usiku kucha?

2. Maji humpinga mwenye haraka

Sasa tuyaangalie maji yenyewe. Ukipita polepole katika maji, yanakuachia njia. Ukipita kwa kasi, yanakuzuia. Lakini hayazidishi kizuizi kwa kipimo kile kile unachozidisha mwendo. Ukiongeza mwendo wa mtumbwi mara mbili, maji yanakupinga karibu mara nne, na kazi ya mwili kwa kila dakika inakuwa karibu mara nane.

Tuchukue mfano mdogo. Watu wanapiga makafi vizuri, kisha wanataka kuongeza mwendo kwa sehemu moja tu ya kumi. Kazi yao haizidi kwa sehemu moja ya kumi. Inazidi kwa theluthi nzima. Wamelipa sana, nao wamenunua kidogo.

Kwa sababu hiyo mtumbwi unaokwenda mbio, kisha unasimama, kisha unakwenda mbio tena, hutumia nguvu nyingi kuliko ule unaokwenda sawasawa, hata kama yote miwili inafika saa ile ile. Wazee walisema, "Haraka haraka haina baraka." Sisi wa pwani hii tunaweza kuongeza kwamba haifiki Baraka.

3. Wapiga makafi wa mwaka 1858

Habari hizi si ngeni kwa ziwa letu. Katika mwezi wa nne wa mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka Ujiji kwa mitumbwi miwili. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walipita Ubwari, ambayo Burton aliidhani kuwa kisiwa, wakaenda mpaka Uvira. Huko waliambiwa na wenyeji kwamba Rusizi unaingia.

Wageni wale walikuwa wagonjwa wakati huo. Walifikishwa kwa mikono ya wapiga makafi wa ziwa hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliandika kwamba watu hao walipiga makafi wakiimba. Aliandika pia kwamba walikwenda kwa vishindo: walipiga kwa nguvu mpaka jasho likawatiririka, na maji yakarushwa ndani ya mtumbwi, kisha walisimama kupumzika. Jambo hilo lilimkasirisha.

Je, nani alikuwa na haki? Wale watu walijua kazi yao kuliko mgeni. Kuimba kwao kulikuwa kwema, kama tutakavyoona. Kupumzika kwao kulikuwa kwema pia. Lakini maji yanayorushwa juu ni nguvu iliyotupwa, na kishindo hula akiba ya mwili. Hapo tunaweza kujifunza.

4. Miguu, mgongo na umoja

Mtu asiyejua hupiga kafi kwa mikono tu. Mikono ni midogo, huchoka mapema. Misuli mikubwa ya mwili iko mapajani, matakoni na mgongoni. Katika mashua za mashindano, ambazo kiti chake huteleza mbele na nyuma, karibu nusu ya nguvu hutoka miguuni. Mtumbwi wetu hauna kiti cha kuteleza, lakini miguu bado ina kazi. Fanya hivi:

Kaa imara, ukandamize miguu kwenye mti wa mtumbwi. Nyosha mgongo, usiukunje kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Peleka kafi mbele kwa kugeuza kiwiliwili, si kwa kunyosha mkono tu. Zamisha bapa lote la kafi kwanza, ndipo uvute. Likifika karibu na nyonga yako, litoe. Kafi linalopita nyuma ya nyonga huinua maji, nalo huuchelewesha mtumbwi.

Badilisha upande kila baada ya muda, ili bega moja lisibebe kazi yote. Malengelenge ya mikono usiyapasue. Yakipasuka yenyewe, osha kwa sabuni na maji safi, funika kwa kitambaa safi, tena uangalie kama panavimba au panatoa usaha.

Halafu kuna umoja. Watu wanane wakizamisha makafi pamoja, mtumbwi huenda sawasawa. Wakipiga kila mtu kwa wakati wake, mtumbwi huyumba, na mmoja huharibu kazi ya mwenzake. Aliye mbele ndiye anayeweka mwendo, naye asiuweke kwa nguvu zake mwenyewe. Auweke kwa nguvu za yule aliye dhaifu kuliko wote. Kwa maana dhaifu akianguka katikati ya ghuba, amekuwa mzigo, na waliobaki ni saba.

5. Mazoezi: wimbo ni kipimo

Vijana wengi hufikiri kwamba mtu hupata nguvu kwa kujichosha kabisa kila siku. Waalimu wa mchezo nao walifikiri hivyo zamani. Wataalamu wameandika habari za wapiga makasia wa Norwei tangu mwaka 1970 mpaka 2001. Katika miaka hiyo waliongeza kazi yao ya polepole kutoka karibu saa 30 kwa mwezi mpaka 50. Kazi ya kasi sana waliipunguza kutoka karibu saa 23 mpaka 7. Nao uwezo wa miili yao kutumia hewa uliongezeka kwa sehemu 12 katika mia.

Sababu ni hii. Kazi ndefu ya polepole huufanya moyo usukume damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Huzidisha pia mishipa midogo inayoleta damu ndani ya misuli. Hayo ndiyo kuongeza makaa jikoni. Kazi ya kasi nayo inafaa, lakini kwa kiasi kidogo, mara moja au mbili kwa juma.

Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa polepole inavyopasa? Huhitaji chombo. Imba. Ukiweza kuimba wimbo mzima pamoja na wenzako, moto wako ni wa makaa. Ukiweza kusema maneno machache tu, umekaribia mpaka. Ukishindwa hata kuitika, majani yamewaka. Basi nyimbo za mitumbwini zina kazi mbili: zinaunganisha makafi, tena zinapima pumzi.

Jambo la pili ni kupumzika. Nguvu haijengwi wakati wa kazi. Hujengwa baada yake, wakati wa kula na kulala, mwili unapotengeneza vilivyochakaa. Wavuvi wa ndagala wanalo pumziko lao la kila mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri, nao hubaki nyumbani siku kadhaa. Msizione siku hizo kuwa hasara tu. Lakini mkirudi ziwani, usiku wa kwanza msiende mbali kama usiku wa mwisho. Ongezeni kidogo kidogo. Vivyo hivyo kijana mpya aanze na safari fupi, azidishe juma kwa juma. Bega likiuma siku ya pili, ni kawaida. Likiuma juma zima, ni onyo.

Kuna kipimo kingine kidogo. Asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, weka vidole kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Fanya hivyo siku kadhaa mpaka ujue hesabu yako. Siku moja ukikuta yamezidi kwa 10 au zaidi, huenda mwili haujapumzika, au homa inakaribia. Siku hiyo punguza kazi.

6. Chakula na maji ya safari

Kabla ya safari ndefu kula bugali au ndizi saa mbili au tatu mbele, usile ukiwa unaingia mtumbwini. Bugali hutia makaa jikoni, lakini peke yake haujengi misuli wala damu. Ule pamoja na ndagala, mikeke, maharagwe na sombe. Safari ikipita saa moja na nusu, chukua ndizi mbivu au muhogo uliopikwa, mle kidogo kidogo njiani. Baada ya kazi kula tena upesi, kwa sababu misuli hupokea chakula vizuri wakati huo.

Jasho ni maji na chumvi. Mtu aliyepoteza maji mengi, moyo wake hupiga mbio na kichwa huuma, hata usiku. Lakini angalieni! Watu wengi huchota maji ya ziwa kwa mkono na kunywa. Kipindupindu kimeua watu wengi katika Baraka, Fizi na Uvira, nacho hupita katika maji kama hayo. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini macho hayaoni mdudu wa kipindupindu. Chukua bidoni la maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, unywe kila mara unapoona kiu.

Pombe si maji. Hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, tena humfanya mtu asione hatari. Na moshi wa sigara huweka hewa mbaya katika damu mahali pa oksijeni. Mpiga makafi anayevuta sigara amejifunga kamba shingoni mwenyewe.

7. Damu pungufu

Tumesema kwamba damu huchukua oksijeni. Je, damu ikipungua? Moyo ni ule ule, misuli ni ile ile, lakini wachukuzi ni wachache. Mtu huyo huhema kwa kazi ndogo, macho na viganja vyake vimepauka, moyo unapiga mbio. Watu humwita mvivu. Yeye si mvivu, ni mgonjwa.

Katika pwani yetu damu hupungua kwa sababu nyingi. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu na kunyonya damu tumboni. Chakula bila samaki, maharagwe wala mboga hakina chuma cha kutosha, nacho chuma ndicho kinachotengeneza wekundu wa damu. Wanawake hupoteza damu kila mwezi na wakati wa kuzaa, kwa hiyo wao hupungukiwa zaidi.

Hospitalini damu hupimwa kwa tone moja. Mwanamume akiwa chini ya gramu 13, mwanamke chini ya 12, au mama mwenye mimba chini ya 11, ana damu pungufu. Hakuna mazoezi yanayoponya jambo hilo. Kinachoponya ni kutibu malaria, kumeza dawa ya minyoo, kumeza vidonge vya chuma jinsi mganga alivyoagiza, kulala ndani ya chandarua, kutumia choo na kuvaa viatu.

Na mtu aliyetoka katika malaria asirudi ziwani siku homa inaposhuka. Amalize dawa yote. Angoje siku kadhaa bila homa, akila na kulala vizuri. Kisha aanze na mwendo mfupi, mwendo wa kuimba. Akihema au akizunguliwa, apumzike tena.

Acha kafi mara moja na kuja hospitali ukiona mambo haya: maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi hata unapokaa kimya, au mkojo mweusi kama chai nzito.

8. Mgonjwa naye aweza kuwa na nguvu

Wengine walioambiwa kwamba wana ugonjwa wa sukari hudhani maisha ya kazi yamekwisha. Wasikie habari za Steven Redgrave wa Uingereza. Mtu huyu alishinda medali ya dhahabu ya kupiga makasia katika Olimpiki tano mfululizo: 1984, 1988, 1992, 1996 na 2000. Mwaka 1997, kabla ya ile ya tano, alionekana ana ugonjwa wa sukari. Hakuuficha wala hakuupuuza. Alijichoma sindano za insulini, alipima damu yake kila siku, alipanga chakula chake pamoja na madaktari, akashinda tena katika Sydney.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa atashinda kama yeye. Tunasema kwamba ugonjwa unaojulikana na kutunzwa hauzuii kazi kama ugonjwa unaofichwa. Mwenye kisukari asianze mazoezi mapya kabla ya kuongea na mganga wake. Kama anatumia insulini, asiingie ziwani bila kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa kazi hushusha sukari ya damu.

9. Turudi kwa yule mama

Sasa tumeelewa namna ya kumvusha. Kabla ya kuondoka, wapakie maji safi, ndizi, taa na kitu cha kutolea maji mtumbwini. Kila mtu avae koti la kuelea kama lipo. Mama alale kwa ubavu wa kushoto, afunikwe, na mtu mmoja akae naye. Mwenye homa au damu pungufu asishike kafi, hata akijitolea. Mwingine achukue nafasi yake.

Waanze polepole kuliko mioyo yao inavyotaka. Waimbe. Kila nusu saa wanywe na kubadilisha pande, wawili kwa wawili, ili mtumbwi usisimame kabisa. Wakiwa na akiba, waitumie karibu na ufuko wa ng'ambo, wanapoiona taa ya Baraka, wala si pale walipoanzia.

Na liko jambo bora kuliko hayo yote. Mama aliyewahi kuzaa kwa shida, au anayeambiwa kwamba mimba yake ina hatari, avuke mapema, mchana, maji yakiwa yametulia, akangoje karibu na hospitali. Safari iliyo rahisi kwa wapiga makafi ni ile isiyofanywa kwa hofu.

Maswali

1. Moto wa makaa na moto wa majani hutofautianaje katika mwili?
2. Kwa nini mtumbwi unaokwenda sawasawa hutumia nguvu kidogo?
3. Wimbo unapimaje mwendo wa mpiga makafi?
4. Mtu anayehema kwa kazi ndogo, na viganja vyake vimepauka, afanye nini?
5. Katika kijiji chako, mafuta ya moteri yakikosekana usiku, ni watu gani wanane watakaoshika makafi? Je, wamewahi kupiga pamoja?